Masizi na Unga wa Ngano

Siku Alen alipoingia katika kikao cha kamati ya maadhimisho na kutangaza kwamba yeye ndiye atakayekuwa Mwalimu Nathanaeli Shebughe, Mzee Benedikto alikuwa ndiyo kwanza ametia kipande cha andazi kinywani, na kwa kitambo tulidhani tutazika kabla ya kuadhimisha. Alipaliwa. Alikohoa hadi miwani ikamdondokea ndani ya kikombe cha chai. Mimi nilimpiga mgongoni, Abdulaziz akamletea maji, na Alen akabaki pale mlangoni na kofia yake pana mkononi, akingoja kwa heshima zote mwenyekiti arudi duniani ampe jibu.

"Unataka kuwa nani?" Mzee Benedikto aliuliza alipopata pumzi.

"Mwalimu Shebughe, mzee wangu. Marehemu baba yako mkubwa."

"Wewe?"

"Mimi."

Mzee Benedikto aliitoa miwani kwenye chai, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akamtazama Alen upya, kana kwamba huenda chai ilikuwa imemdanganya. Akazitazama nywele zake za rangi ya katani, nyusi zake zisizoonekana, mikono yake iliyokolea madoadoa ya jua. Kisha akatugeukia sisi wajumbe, macho yakituomba mmoja wetu aseme lile ambalo yeye, mzee wa kanisa, hakuweza kulisema.

Hakuna aliyelisema. Alen alikuwa na ualbino, na Mwalimu Shebughe, mtu tuliyekuwa tunajiandaa kumwigiza mbele ya wilaya nzima, alikuwa mweusi tii. Si hivyo tu. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza katika milima yetu kuuliza kwa sauti maana ya kuwa mweusi.

Siku hizi nafundisha Muheza, huku chini kwenye joto na machungwa, na nikiwatajia wanafunzi wangu jina la Shebughe wananiuliza kama alikuwa mchezaji wa Coastal Union. Kwa hiyo sioni ajabu kama nawe humjui. Alizaliwa kwenye mgongo wa mlima ulio juu ya Mponde, enzi ambazo chai ilikuwa bado haijafika kwetu. Akasoma misheni, akawa mwalimu wa misheni. Ulipofika wakati wa matuta, serikali ya Mwingereza ikawalazimisha watu kuchimba matuta kwenye mashamba yao wapende wasipende, na asiyechimba akatozwa faini au kufungwa. DC akaja kuitisha baraza. Aliketi kitini chini ya mwavuli, akaamuru watu wote wakae nyasini. Wakakaa. Mwalimu Shebughe akabaki amesimama, akasema ana swali dogo.

"Bwana DC," aliuliza, "huo weupe wako ni cheo, ni kazi, au ni ngozi? Kama ni cheo, tuambie nani alikupandisha. Kama ni kazi, itangaze nafasi nasi tuombe. Na kama ni ngozi tu, mbona jua likitoka unaifunika?"

Swali dogo lilimpeleka jela ya Tanga, kisha mbali zaidi, na aliporudi kichwa kilikuwa cheupe. Huko alikokuwa alilipika lile swali hadi likaiva, likawa kijitabu alichokiita *Rangi ni Amri*. Nilikisoma nikiwa mwanafunzi wa ualimu, na tangu hapo sijawahi kupanga foleni ofisini bila kukikumbuka. Mtu hazaliwi mweusi wala mweupe, aliandika. Huzaliwa mtoto, kisha akapewa amri. Mmoja huamriwa kiti, mwingine nyasi, halafu wote wawili huambiwa kwamba ngozi ndiyo iliyosema. Anayetii hudhani anatii maumbile. Anayeamuru naye hudhani hivyo hivyo, na huyo ndiye mgonjwa zaidi, maana hana hata mtu wa kumwambia ainuke. Siku amri itakapokataliwa, ngozi itabaki na kazi yake ya zamani, ambayo ni kufunika nyama.

Maneno kama hayo, sasa, yasemwe na Alen.

"Mwanangu," Mzee Benedikto alisema hatimaye, kwa sauti ya kubembeleza wafiwa, "sisi tunakupenda. Lakini watu watachanganyikiwa. Wageni watakuja kutoka Lushoto, mkuu wa wilaya atakuwepo. Watauliza yupi DC, yupi Mwalimu. Ila kuna nafasi nyingine nzuri sana." Hapo alichangamka, kama aliyekumbuka kwamba kuna mchuzi umebaki jikoni. "Uwe DC. Abdulaziz tutamtafutia kazi nyingine. Tena wewe utatuokolea unga."

Abdulaziz alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai, mtu wa Kigoma, mrefu, mwenye kitambi cha heshima. Tulimchagua awe DC kwa sababu alizoea kuamrisha mashine, na kwa mujibu wa mpango wetu angepakwa unga usoni. Aliposikia anavuliwa cheo aliinamisha kichwa, maana alikuwa amekwisha kushona kaptula.

Alen hakucheka wala hakukasirika. Alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Mzee wangu," alisema, "mimi baba yangu mweusi, mama yangu mweusi, babu zangu ukiwapanga mstari ni usiku mtupu. Mungu alipofika kwangu wino ulikuwa umeisha, basi. Toka nizaliwe nafanya kazi ya uzungu bila mshahara. Watoto wananiita mzungu, konda ananiita mzungu, mchungaji mgeni alinisalimia kwa Kiingereza mbele ya madhabahu. Leo nimekuja kuomba kazi nyingine, mnanipandisha jukwaani kwenye ile ile."

Kikao kikaahirishwa. Mzee Benedikto alisema ni kwa ajili ya maombi.

Alen alikuwa muuza mitumba, na katika masoko ya Soni na Bumbuli sauti yake ilifika kabla yake. Angeinua shati akasema, "Hili lilikuwa la mchungaji wa Ulaya, halina dhambi hata moja isipokuwa kifungo," na mama aliyekuja kununua chumvi angerudi nyumbani na shati. Sauti ile hakuipata sokoni. Aliipata ndani. Ile miaka mibaya, watu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa kama wanyama na redio ikitangaza kila wiki mwingine aliyepotea, mama yake alikataa katakata atoke peke yake hata kwenda kisimani. Kijana mzima alishinda chumbani na redio, akibishana nayo, akisahihisha habari, akimjibu waziri. Alipotoka mle alikuwa na kifua cha kwaya nzima, na kiu ya kusikilizwa ambayo hakuna soko lililoikata.

Nilimfuata siku iliyofuata. Nilimkuta anapanga suruali kwa ukubwa wa viuno. Nikamuuliza kwa nini anaitaka nafasi ile kiasi kile, kwani angeweza kuwa msimulizi, na sauti yake ingesikika vilevile.

"Dada Jesca," alinijibu bila kuacha kupanga, "nikisimama hapa watu wananitazama mimi kwanza, ndipo wanatazama mashati. Nimezoea. Lakini nataka siku moja wanitazame kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia watazame." Akainua suruali moja, akaipima kwa jicho. "Na yule mzee nampenda. Alikuwa mbishi."

Kwa kuwa maombi hayakuleta jibu, kamati iliamua kufanya mashindano, na mwamuzi awe Bibi Filomena. Alikuwa dada wa mwisho wa Mwalimu Shebughe, shangazi yake Mzee Benedikto, na bila ridhaa yake hakuna ambaye angethubutu kumwigiza marehemu hata kwa kupiga chafya. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka tisini. Aliletwa kwenye ukumbi wa usharika akiwa na fimbo, kanga mbili na shaka.

Ndipo tukagundua kwamba Mzee Benedikto naye ni mshindani. Alisema damu ni damu, na kwamba tangu ujana watu humwambia amefanana na baba yake mkubwa kuanzia paji la uso hadi pua. Ilikuwa kweli. Akapanda mbele, akaweka mkono mmoja kifuani, akalisoma lile swali la Mwalimu kwa sauti aliyoisomea matangazo ya ibada kwa miaka mingi. Alipofika "nasi tuombe", watu wawili waliinamisha vichwa na kufumba macho.

Alen alipoitwa hakupanda mbele. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Aliinuka polepole, kama mtu aliyejaribu kujizuia akashindwa, akasema kutoka huko huko nyuma, "Bwana DC, nina swali dogo," na shingo zetu zote zikageuka. Hata yangu, mimi niliyeuandika mchezo wenyewe.

Bibi Filomena alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba maji, akanywa, akarudisha kikombe.

"Shangazi," Mzee Benedikto alisema, "unaonaje?"

"Kaka yangu alikuwa na mdomo," alisema Bibi. "Huyu mghoshi, mwanamume huyu, ana mdomo. Wewe Benedikto una pua."

Hiyo ilikuwa hukumu, na hapakuwa na rufaa. Ila Mzee Benedikto hakuwa mwenyekiti wa kamati tatu kwa bahati mbaya. Alikubali kushindwa kwa maneno mazuri, akamshika Alen mkono, kisha akaongeza sharti moja dogo la kuwasaidia wageni waelewe: kama DC atapakwa unga ili awe mweupe, ni haki Mwalimu naye apakwe masizi ili awe mweusi. Akauliza nani anaunga mkono. Mikono ikainuka. Wa kwangu haukuinuka. Nilisimama nikasema hili ni jambo la aibu, kwamba tunamwadhimisha mtu aliyesema rangi ni amri kwa kumwamuru mtu avae rangi. Nilidhani nimesema vizuri. Mzee Benedikto alinishukuru kwa mchango, akasema umepokelewa.

Niliyemshangaa ni Alen. Alikubali.

"Pakeni," alisema. Nje ya ukumbi, nilipomjia juu, alinishika bega. "Niachie mimi, Dada Jesca. Kwanza nipande. Nikishakuwa kule juu na kipaza sauti mkononi, nani atanishusha?"

Mazoezi yalitutesa kwa jambo ambalo hatukulitarajia, nalo lilikuwa askari. Askari tulimpata Issa, mchuma chai kutoka Singida, kijana mpole na mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia asubiri atasubiri hadi ukumbuke. Kazi yake ilikuwa moja. DC akisema, "Askari, kamata huyo," Issa aende kumkamata Mwalimu, amtoe jukwaani, na hapo kwaya iimbe. Lakini mazoezini hatukutumia unga wala masizi, na Issa kila mara alisimama katikati, akimtazama Abdulaziz aliyekuwa mweusi na ndiye mzungu, kisha Alen aliyekuwa mweupe na ndiye mweusi, akashindwa.

"Nimkamate yupi, madamu?"

Nilimweleza. Nikamweleza tena. Mwisho, koo limenikauka, nikamwambia, "Issa, sikiliza. Siku yenyewe watakuwa wamepakwa. Wewe usiangalie jina, usiangalie mtu. Kamata mweusi."

Uso wake ulitulia. "Hapo nimeelewa," alisema.

Siku ya maadhimisho ilikucha na ukungu, jambo la kawaida kwetu, na hakuna aliyelijali. Uwanja wa shule ulijaa. Walikuwepo wachuma chai wa kila kabila na kila dini, wakulima wa mboga waliopanda lori kutoka Shume, kwaya mbili za Kilutheri zisizopatana, na moja ya Kikatoliki iliyokuja kuzisuluhisha. Turubai lilifungwa juu ya viti vya wageni. Mkuu wa wilaya aliketi katikati, kulia kwake Mzee Benedikto, na kando ya mzee Bibi Filomena. Jukwaa letu la mbao lilikuwa wazi, maana turubai la pili lilikuwa limeazimwa harusini.

Nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha vifaa vya michezo, niliwapaka wote wawili. Abdulaziz alikuwa amekataa sembe.

"DC wa sembe ataonekana ana njaa," alisema. "Mwenye koloni alikula mkate, madamu. Nipake ngano."

Nilimpaka ngano kavu, tabaka juu ya tabaka, hadi akawa kama mtu aliyeangukiwa na dari. Kisha zamu ya Alen. Nilitaka kuchanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kula ili yashike. Alikataa. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoichagua kwenye bunda jipya na kuificha wateja wasiione, nayo alipanga kuiuza baada ya onyesho kwa bei ya kihistoria. Mafuta yangeharibu ukosi. Basi nikachanganya masizi na maji. Alifumba macho nilipoanza, akayakaza.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Haiumi," alisema. "Inachekesha. Mama yangu alikuwa ananificha ndani ili nisionekane. Nyinyi mnanificha mbele ya watu wote."

Niliacha kupaka. Aliufuata mkono wangu akaurudisha shavuni kwake. "Maliza," alisema. "Tutachelewa."

Mchezo ulianza vizuri kuliko tulivyostahili. Abdulaziz aliketi kitini, akakunja miguu ndani ya kaptula yake, akatoa Kiswahili cha wazungu wa zamani ambacho alikifanyia mazoezi na mashine za kiwandani. "Nyinyi watu nakaa chini kwa majani. Upesi." Wanakijiji wetu wakakaa. Alen akabaki amesimama. Na aliposema, "Bwana DC, nina swali dogo," mkuu wa wilaya, ambaye naye kila siku huitwa DC, aliinua kichwa akasema, "Naam," kisha akajifanya anakohoa.

Alikuwa amefika kwenye "itangaze nafasi nasi tuombe" pale tone la kwanza lilipomwangukia Abdulaziz puani.

Mvua ya kwetu haipigi hodi. Ni ukungu unaoamua kuwa na uzito. Haukupita muda wa kuimba ubeti mmoja ikawa inanyesha, si kubwa, ila ya kudumu, ile inayoingia hadi kwenye mifupa. Unga wa ngano ukaanza kufanya kazi unayoijua. Ulivimba. Ukashikana. Nyusi za DC zikateremka hadi mashavuni, na donge moja likajining'iniza kidevuni, likafikiri kidogo, likaanguka gotini. Mama mmoja kutoka upande wa Shume akasema kwa sauti ya kusikika, "Leteni mafuta, chapati iko tayari."

Watu wakacheka. Wakati huo huo masizi yalikuwa yanamshuka Alen kwa michirizi, yakipita kwenye mashavu, yakiingia ule ukosi alioutunza, na nyuma yake uso wake ukatokea kidogo kidogo, kama mtu anayefungua pazia. Alikuwa bado anaongea. Kicheko kikakua. Abdulaziz akajipangusa kwa kiganja, akakitazama kiganja, akaangalia alipo Alen, akasahau kwamba ana kipaza sauti kifuani.

"Sasa Alen," aliuliza, na uwanja wote ukamsikia, "nani mzungu hapa?"

Hapo paliharibika kabisa. Watu walikuwa wanashikana mabega. Kwaya zisizopatana zilikuwa zinaegemeana. Mzee Benedikto alisimama akipunga fimbo, akaniambia kwa ishara nifunge mchezo, akapaza sauti, "Wamebadilishana. Mwalimu amekuwa mzungu. Simamisha." Bibi Filomena, bila kumtazama, alimvuta koti hadi akakaa.

Mimi nilikuwa ukingoni mwa jukwaa na nilimwona Alen vizuri. Nilidhani ataondoka. Alikuwa amesimama na uso nusu huu nusu ule, mbele ya umati unaocheka, na nikawaza tumemfanyia jambo ambalo hata wale waliomwita mzungu barabarani hawakuwahi kumfanyia. Lakini Alen alikuwa mtu wa mnadani. Alijua kicheko kina urefu wake, na kwamba ukikingoja hadi mwisho wake, ukimya unaofuata ni mali yako. Alingoja. Kilipoanza kupungua alitoa leso mfukoni, akapangusa uso wake wote, taratibu, paji, macho, shingo, mpaka masizi yakaisha. Akamwendea Abdulaziz, akamwinua kidevu kama mama anavyomfanyia mtoto anayekwenda kanisani, akampangusa naye. Donge la mwisho alilitoa sikioni. Kisha akarudi mahali pake.

"Bwana DC," alisema, wala hakupaza sauti, "rangi zetu zimekwenda na maji. Basi niamuru tena nikae chini. Niamuru, nisikie utatumia nini."

Hayo sikuyaandika mimi. Hayakuwa pia kwenye kijitabu cha Mwalimu, nimekisoma mara nyingi. Mvua ilisikika juu ya turubai. Abdulaziz alikuwa mtu mwaminifu, na nadhani kweli alijitafuta ndani yake kitu cha kumwamuru Alen asikipate. Kilichokuwa kimebaki kichwani mwake ni mstari mmoja tu, wa mwisho. Akausema kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba radhi.

"Askari. Kamata huyo."

Issa akatoka pembeni, amekaza mkanda. Alifika katikati, akasimama. Akamtazama Alen. Akamtazama Abdulaziz. Niliona midomo yake ikicheza, na nikajua anarudia maneno gani, na nikaanza kumpungia mkono nikiwa nimechelewa sana. Issa akapiga hatua kuelekea kwenye kiti, akamshika DC ukosi, akamwinua.

"Siyo mimi, Issa," Abdulaziz alimnong'oneza, na kipaza sauti kikamsaliti tena. "Mimi ndiye DC."

"Wote wakikamatwa husema hivyo," alijibu Issa, akamkokota.

Kwaya, ambayo iliambiwa iimbe askari akimtoa mtu, ikaimba. DC wa Mwingereza alishushwa jukwaani na askari wake mwenyewe, kiatu kimoja kikabaki juu, na umati ukasimama ukipiga vigelegele kama siku ya kuapishwa mtu. Mkuu wa wilaya alicheka hadi akavua miwani. Katikati ya kucheka alionekana amekumbuka jambo, akageuka kumtafuta polisi wake aliyesimama nyuma ya turubai, akamwona yupo na ametulia, akaendelea kucheka kwa amani zaidi. Alen alibaki peke yake jukwaani kwenye mvua. Hakuinama kama tulivyofundishana. Alikaa kwenye kiti cha DC, akakunja mguu.

Bibi Filomena hakucheka. Alikuwa amesimama, amekamata fimbo kwa mikono yote miwili, na nilipomkimbilia nikidhani ameugua aliniambia nimwache.

Nilikuwa nimesahau kwamba yeye alikuwepo. Sote tulikuwa tumesahau. Kwetu lile baraza lilikuwa aya kwenye kijitabu, kwake ilikuwa siku ambayo, akiwa msichana, alimpelekea kaka yake viazi vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, akamkuta anafungwa kamba. Askari aliyemfunga alikuwa kijana wa hapa hapa, tena walibatizwa pamoja.

"Siku ile," alisema, kwa Kisambaa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mkuu wa wilaya naye asikie, "nilisimama na vile viazi nikimwangalia askari. Nilijua atageuka. Nilisubiri ageuke amshike yule mwingine. Wakaenda naye hadi kwenye kona, hakugeuka." Alimtazama Issa, ambaye alikuwa amegundua kosa lake na alitaka kulia. "Nimesubiri hadi leo. Mtu asimkaripie huyu mtoto."

Hakuna aliyemkaripia. Mzee Benedikto alikuwa amejiandaa kutoa neno la shukrani, nalo lilikuwa refu. Alilitoa mfukoni, akalikunja, akalirudisha. Alitembea kwenye mvua hadi jukwaani akiwa na mwavuli wake mweusi wa kanisani, akamnyooshea Alen bila kumtazama usoni.

"Shika," alisema. "Utapata mafua, halafu waseme kamati haijali."

"Asante, mzee wangu," alisema Alen.

"Suti imeharibika?"

"Ukosi tu."

"Nitainunua," alisema Mzee Benedikto, na akarudi zake kwenye turubai akiwa ameloa.

Bibi Filomena aliomba Alen amsindikize nyumbani. Tuliteremka naye kwenye njia ya katikati ya mashamba ya chai, Alen ameshika mwavuli juu ya bibi, mimi nyuma yao, na nyuma yangu Abdulaziz aliyevaa kiatu kimoja, kwa kuwa kile kingine watoto walikimbia nacho. Kwenye kona watoto hao hao walichomoza kati ya mistari ya chai wakaita, "Mzungu, mzungu." Alen hakugeuka. Abdulaziz akaitika, "Naam," kwa sauti nene ya kikoloni, wakatawanyika wakicheka, na kiatu wakakiacha njiani.

Mlangoni kwake bibi aliukung'uta mwavuli mwenyewe. Jikoni kulikuwa na moto, na harufu ya chai yenye tangawizi ilitufikia pale nje. Alimshika Alen mkono akamwingiza, akamkalisha kwenye kigoda kilicho karibu na jiko, akanikaribisha nami. Abdulaziz alibaki uani, akijikung'uta unga kwenye kaptula, hajui kama mwaliko unamhusu. Mtu wa Kigoma, mbali na kwao, amelowa, hana uhakika na nyumba ya watu.

Bibi Filomena alirudi mlangoni akamtazama kwa muda.

"Mwambieni huyo DC naye aingie," alisema. "Kifungo chake kimekwisha."